Wasifu Ndani ya Kioo Cheusi

Nilifundishwa kuchapa bila kusoma. Mwalimu wetu wa uhazili kule Tabora alitufunika mikono kwa kitambaa ili tusitafute herufi kwa macho, na akatuambia kwamba mpiga chapa anayesoma anachokichapa ataanza kukifikiria, na akishakifikiria atakosea. Jicho libaki kwenye karatasi ya bosi, vidole vifanye kazi yao, akili ikae pembeni. Somo hilo nilifaulu kupita kiasi. Nilipokuwa katika ofisi ya ushirika wa wakulima wa pamba, Bariadi, nilichapa orodha ya wafanyakazi wanaopunguzwa, nakala sita kwa karatasi ya kaboni, na sikujua kwamba jina langu lilikuwamo mpaka nilipoitwa kusaini.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria, Bariadi ikiwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga. Wanunuzi binafsi walikuwa wamekuja na magari yao na mizani yao, wakulima wakawauzia wao, na ushirika ukabaki na maghala yenye popo. Wenzangu walirudi kwao. Kwetu mimi ni Lushoto, na wakati huo wazazi walishafariki na kaka zangu walishagawana shamba bila kuniuliza, kwa hiyo sikuwa na pa kurudi ambapo ningekaribishwa kwa zaidi ya wiki mbili. Sikuwa na mume wala mtoto, na Kisukuma changu kiliishia kwenye salamu. Nilibaki Bariadi kwa sababu hakuna aliyeniambia niondoke.

Mstari wa juu ya jina langu katika orodha ile ulikuwa wa mwanamke mmoja wa Mwamapalala, karani wa mizani. Tulikuwa hatujuani sana. Yeye alishinda ghalani, mimi ofisini. Siku ya mwisho alinikuta nimekaa kwenye ngazi na mkoba wangu mapajani.

"Unalia nini?" aliniuliza. "Mimi nina cherehani, wewe una vidole. Tutafute chumba."

Tukapanga chumba kimoja karibu na stendi. Upande wa dirishani ukawa wake, kwa sababu ya mwanga wa kutungia uzi. Upande wa ukutani ukawa wangu na taipureta yangu, na baadaye kompyuta. Tulikaa humo miaka tisa.

Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, wote wamekwisha kuondoka nyumbani, na sauti aliyoizoea ghalani, ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa marobota. Hakujua kunong'ona. Mteja akija kuchapisha barua ya siri, yeye ndiye aliyemuuliza kwa sauti siri yenyewe inahusu nini. Mchana tulikula pamoja: ugali na dagaa wa Lamadi, au matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa na kupikwa, pamoja na maziwa ya mgando kutoka kwao. Alikuwa akinicheka ninavyotamka Kisukuma mpaka machozi yanamtoka. Jioni alifunika cherehani akaenda kwa watu wake, nami nilienda chumbani kwangu nikawasha redio. Sikuwahi kumwambia kwamba ule mchana ndio uliokuwa siku yangu yote.

Kompyuta niliinunua ikiwa imetumika, kutoka Mwanza, kwa fundi ambaye nilimwona kwa macho mara moja tu. Ilikuja na mfumo wa Linux, tofauti na wa mashine nyingine zote za mjini. Sikuuchagua mimi; ndio uliokuwa ndani. Baadaye niliushukuru, kwa sababu disketi za wateja wangu zilijaa virusi vilivyozimaliza mashine za wenzangu wa barabara ya pili, na yangu haikuwahi kuugua. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo aliiona mwenzangu, ambaye hakuwahi hata kugusa kitufe. Aliinama nyuma ya bega langu akasoma maneno ya juu ya kioo herufi kwa herufi.

"Mashine yako haijui Kiswahili," alisema. "Hata mimi Msukuma nakijua."

Kazi yangu kubwa hapo ilikuwa wasifu wa marehemu. Huku kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Lazima asimame ndugu mbele ya jeneza asome alizaliwa lini, akasoma wapi, akabatizwa wapi, akafanya kazi gani, ameacha nani. Ndugu walikuja asubuhi ya mazishi wakiwa na karatasi iliyokunjwa na macho mekundu, nami nilichapa bila kusoma. Nilikuwa na folda nzima yao. Mwenzangu alikwenda kwenye mazishi mengi kuliko mimi, na alirudi akiwa na hasira.

"Marehemu wote walikuwa wacheshi," alilalamika. "Wote walipenda watu. Mimi nikifa watasema nilikuwa mcheshi, wakati mimi nilikuwa na kelele tu."

Alianza kuumwa mwaka wa tisa wa chumba chetu. Tumbo lilivimba, miguu ikavimba, akapelekwa hospitali Mwanza, akarudi amekonda. Wiki ya kwanza baada ya kurudi aliniwekea mezani kurasa nne zilizochanwa kwenye daftari, zimejaa mwandiko wake wa wino wa bluu.

"Nichapie hii."

Niliona kichwa cha habari: Wasifu wa Marehemu, na jina lake. Nilikasirika sana. Nilitaka kumrushia zile karatasi. Nilimuuliza anajitabiria nini, naye akaniambia kwa sauti ile ile ya ghalani, mteja akisikia, kwamba hataki kuongopewa akiwa amelala hawezi kujibu, na kwamba kuchapa si ndiyo kazi yangu? Basi nikaongeza sauti ya redio, nikaweka jicho kwenye karatasi na akili pembeni, nikachapa kurasa nne bila kujua hata neno moja limesema nini. Sikutaka kujua. Nilipomaliza nilihifadhi kazi ile kwa jina la "Gauni la kijani", kwa sababu mkono ulikataa kumweka katika folda ya marehemu.

"Usiichapishe kwenye karatasi," alinionya. "Mtu mzima hai hachapishiwi wasifu. Utakuwa umeniitia kifo."

Hilo hata mimi niliamini, kwa hiyo sikuichapisha. Kisha nikafanya jambo ambalo ni mhazili wa zamani tu angeweza kulifanya. Tulifundishwa kwamba hati ya siri ikishachapwa, rasimu yake inachomwa. Nilikuwa nimechoma rasimu miaka yote hiyo, ofisini kwa kiberiti, chumbani kwetu kwenye jiko la mkaa. Mchana ule nilikoka moto wa chai kwa kurasa zake nne. Aliniona, akacheka, akasema angalau zimeivisha kitu.

Alirudishwa hospitali Mwanza kabla ya mvua za vuli. Katika siku hizo fundi wangu akanitumia sidii kwa basi, na maneno kwenye karatasi: toleo jipya, lina programu za Kiswahili. Nilifurahi peke yangu chumbani. Niliwaza atakavyorudi, nimwite aje nyuma ya bega langu, nimwonyeshe maneno ya juu ya kioo, nisikie atasema nini. Asubuhi moja nikaiweka sidii. Mashine iliuliza maswali mengi na mimi nilijibu ndiyo kwa kila moja, jinsi nilivyozoea kujibu ofisini. Ilifanya kazi mpaka saa sita. Kisha ikajizima na kujiwasha, kama fundi alivyoniandikia kwamba ingefanya.

Siku ya kwanza picha ilikuja imevutika, na mistari ya rangi ikikatiza katikati. Niliandika neno la siri, kioo kikameta mara moja, nikarudishwa pale pale pa kuandika neno la siri. Nikaandika tena, nikarudishwa tena. Siku ya pili iliniruhusu kuingia, lakini nilipofungua programu ya kuandikia kila kitu kiliganda, hata kishale hakikusogea, nikalazimika kuchomoa waya. Siku ya tatu herufi nyeupe zilishuka haraka haraka kama kawaida wakati wa kuwaka, halafu kioo kikawa cheusi. Kilibaki kisanduku kidogo cha njano kikielea huku na huku, kikisema kwa Kiingereza kwamba ishara iko nje ya kiwango.

Sikumpigia fundi. Nilisema nitampigia kesho, na kesho yake nikasema hivyo hivyo. Niliona aibu, maana niliambiwa nisome maelezo kwanza na sikuyasoma. Ukweli mwingine ni kwamba bila mwenzangu dirishani sikuwa na moyo wa kitu chochote. Nilifunika kompyuta, nikaitoa taipureta chini ya meza, nikawahudumia wateja wachache waliovumilia. Nilijiambia akirudi ndipo nitaitengeneza.

Binti yake alinipigia simu asubuhi, saa moja na nusu. Alisema mama amepumzika. Alisema maiti itatoka Mwanza leo, na mazishi ni kesho saa nane mchana, Mwamapalala. Nilimwambia pole, akaniambia asante, tukakata. Nilikaa kitandani na simu mkononi mpaka nikasikia jua limeshaanza kupasha bati.

Saa nne kaka yake mkubwa alisimama mlangoni, mzee mwenye koti zito pamoja na joto lote lile.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Mdogo wangu alisema maandishi yake yako kwako. Alituapisha pale hospitali. Tusitunge sisi, tutamwongopea. Isomwe ile yake." Aliangalia huku na huku, akakaa kwenye kigoda cha cherehani. Nilitaka kumwambia asikae pale. "Ipo?"

"Ipo," nilisema.

Sikusema iko wapi. Alipoondoka, akiahidi kwamba tutaonana kesho huko huko msibani, nilifunga mlango kwa komeo, nikatoa kifuniko cha kompyuta na kuiwasha. Herufi zikashuka. Weusi. Kisanduku cha njano kikaanza matembezi yake. Kila alichotaka dunia ijue kumhusu kilikuwa nyuma ya kioo kile, na karatasi yake niliivishia chai. Nililia pale kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Fundi wa Mwanza nilimbipu, akanipigia.

"Mama, kwanza tulia. Mashine haijafa."

"Kioo kimekufa."

"Nacho hakijafa. Toleo hili jipya linajaribu kukitambua kioo lenyewe, na hicho chako ni cha zamani, hakijui kujibu. Sasa linakipelekea picha kwa kasi ambayo hakiiwezi. Kinakataa. Huko ndani kila kitu kinaendelea, ila hukioni."

Akaniambia nibonyeze vitufe vitatu kwa pamoja. Kisanduku kikatoweka, na mahali pake zikaja herufi nyeupe kwenye weusi, na kistari kikipepesa kinasubiri jina langu. Hakukuwa na picha wala kipanya wala rangi. Ni herufi tu, kama kwenye taipureta, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilipata pumzi. Niliandika jina, nikaandika neno la siri, nikaandika amri mbili alizonitajia. Orodha ya kazi zangu ikashuka. Nikaiona: Gauni la kijani.

Sikumsubiri fundi aseme. Nilikuwa nimemsikia akitaja amri ya kusomea waraka, nikaiandika. Kioo kilijaa alama za ajabu, mikwaju ile ya mistari iliyoinama, nyota, vipande vya herufi zisizo za lugha yoyote, na mashine ikapiga mlio mfululizo. Roho ilinitoka.

"Nimeiharibu," nilimwambia. "Imekuwa takataka."

Yeye alicheka, na nilimchukia kwa kicheko kile. "Hujaharibu, mama. Waraka huo umefungwa kama furushi. Anayejua kuufungua ni ile programu yako ya kuandikia, na programu hiyo haiwezi kufanya kazi bila picha. Kwa hiyo hatuna njia ya mkato. Lazima tutengeneze kioo. Una kalamu?"

Nilikuwa na kalamu, na zaidi ya hapo nilikuwa na hatimkato, ule mwandiko wa haraka wa wahazili. Miaka mingi hakuna aliyekuwa amenisomea tena imla. Fundi alitaja, nami niliandika vile vijistari na nukta nilivyofundishwa Tabora, kwa kasi ya maneno yake yote: funguo, mikwaju, herufi kubwa, herufi ndogo. Kwanza unakili faili la mipangilio, ili ukikosea upate pa kurudi. Kisha ulifungue. Utafute sehemu ya kadi ya picha, ulifute jina lililopo, uweke jina la dereva wa kawaida, yaani programu ya kuendesha picha, inayokubali kadi yoyote lakini kwa picha duni. Ushuke mpaka sehemu ya kioo, uandike kasi ya chini kwa namba mbili, ya ulalo na ya wima. Akaniambia namba zenye usalama, na amri ya kuwasha picha mwishoni. Alikuwa anaendelea kueleza jinsi ya kuhifadhi, mtandao ukakatika, na nilipompigia tena simu yake ilikuwa haipatikani.

Kwa hiyo nilianza peke yangu, nikisoma hatimkato yangu. Nakala niliifanya. Faili nililifungua. Sehemu ya kadi niliipata baada ya kushuka kurasa nyingi za maneno yasiyonihusu. Nilibadilisha jina, nikashuka mpaka sehemu ya kioo, nikaandika namba ya kwanza, na umeme ukakatika.

Chumba kilinyamaza. Feni ya kompyuta ndiyo iliyokuwa ikinizungumzisha, na ilipozimika nilisikia tu wapiga debe wa stendi na kuku wa jirani. Sikuwa nimehifadhi kitu. Nilikaa kwenye kiti changu upande wa ukutani, nikaangalia upande wa dirishani. Kwenye cherehani kulikuwa na suruali ya shule ya mtu, mguu mmoja umeshonwa, sindano bado imo. Siku zote umeme ukikatika yeye alishangilia, kwa sababu cherehani yake ilikuwa ya miguu, na alikuwa akiniambia njoo ukae huku kwenye mwanga, wewe na mashine yako ya kubembelezwa. Nikahama, nikakaa kwenye kigoda chake. Nilikaa hapo kwa muda wa saa tatu. Sikula.

Saa tisa umeme ulirudi. Nilifanya kila kitu upya tangu mwanzo, safari hii nikihifadhi baada ya kila mstari, na jinsi ya kuhifadhi niliigundua mwenyewe kutoka kwenye maelezo madogo yaliyokuwa chini ya kioo. Nilikosea mara moja. Niliweka herufi kubwa mahali pa ndogo, kwa ile adabu ya ofisini ya kuanza kila jina kwa herufi kubwa, na mashine ikanigomea mpaka nilipokagua mstari wote kwa kidole. Kisha nikaandika amri ya kuwasha picha.

Weusi. Nikahesabu. Nikasikia kioo kikilia tik, kama kilivyokuwa kikilia zamani, na picha ikaja.

Ilikuwa mbaya sana. Kila kitu kilikuwa kikubwa kupita kiasi, rangi chache, nusu ya dirisha la programu imetoka nje ya kioo. Lakini nilipofungua programu ya kuandikia haikuganda. Juu yake paliandikwa Faili, Hariri, Tazama, Ingiza. Nikabonyeza Faili, ikashuka orodha: Fungua, Hifadhi, Chapisha. Mashine ilikuwa imejua Kiswahili na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Nilisema kwa sauti, "Njoo uone." Nilijisikia mjinga, nikainamisha kichwa kwenye meza kwa muda.

Halafu nikaufungua waraka. Kwa ukubwa ule wa picha niliweza kuona mistari mitano tu kwa mara moja, upana wenyewe haujakamilika, ikabidi nisogeze kulia na kushoto, juu na chini. Hakukuwa na namna ya kuchapisha bila kukagua. Basi nikausoma, neno kwa neno, mimi niliyeuchapa.

"Marehemu alizaliwa Mwamapalala, mtoto wa tatu kati ya tisa, na ndiye aliyechunga ng'ombe wakati kaka zake wakiwa shule, jambo ambalo hawakuwahi kulisema." Nilicheka. "Aliajiriwa na ushirika kama karani wa mizani. Hakumpunja mkulima hata mmoja. Anayedai alipunjwa asimame sasa." Nilicheka tena. "Marehemu hakuwa mcheshi. Alikuwa na kelele. Aliwapenda watu wachache, na hao wanajijua." Hapo nikasogeza mbele haraka kuwatafuta hao wachache.

"Baada ya kupunguzwa kazini alijishughulisha na biashara ndogondogo hapa Bariadi mpaka alipougua. Ameacha watoto wanne, wajukuu sita, kaka wawili, dada watatu, na ng'ombe mmoja asiyetoa maziwa, ambaye asiuzwe."

Nikarudi juu. Nikasoma tena, nikifikiri kioo kimenificha mstari. Nikasogeza kulia, nikasogeza kushoto. Hapakuwa na kitu. Miaka tisa, chumba kimoja, matobolwa ya kila mchana, yote yalikuwa yameingia katika biashara ndogondogo. Ng'ombe alikuwamo.

Niliumia, sitaficha. Ningeweza kusema kwamba wasifu ndivyo ulivyo, una nafasi ya mume, watoto, ndugu, kanisa, kazi, na katika mamia niliyochapa sikumbuki kuona mahali pa rafiki. Hilo lilikuwa kweli, na halikunisaidia. Hao watu wachache aliowapenda alisema wanajijua, na mimi nilikuwa nimekaa pale sijui.

Kishale kilikuwa kinapepesa baada ya neno asiuzwe. Hakuna mtu duniani aliyejua mwisho wa waraka ule ulikuwa wapi. Rasimu ilikuwa majivu, mwenyewe alikuwa njiani katika gari kutoka Mwanza. Nikachapa: "Ameacha pia mwenzake wa miaka tisa." Nikaitazama sentensi ile ilivyokuwa kubwa kwenye kioo. Ilifanana na zake. Kaka yake angeisoma bila kusita.

Nilikaa nayo mpaka adhana ya alasiri ikaisha. Nilikuwa namfikiria akiwaapisha ndugu zake kitandani, wasimtungie. Nikaifuta, herufi moja baada ya nyingine, nikabonyeza Chapisha.

Kesho yake nilipanda gari la kwanza la Mwamapalala na bahasha kifuani. Nyumbani kwao turubai lilikuwa limejaa. Wanawake walinisalimia, nikaitikia salamu zangu chache, wakarudi kwenye mazungumzo yao ya Kisukuma, nami nikakaa kwenye mkeka ukingoni nikimenya vitunguu nilivyopewa. Kaka yake alipokea bahasha kwa mikono miwili. "Wabeja, mayu," alinishukuru, akaenda.

Aliusoma vizuri. Alipofika penye kaka waliokuwa shule dada yao akichunga, alifungua kifungo cha koti lake, halafu akasoma. Kwenye kelele watu walicheka huku wanalia. Alipotaka aliyepunjwa asimame, mzee mmoja nyuma alisema hapana, hakuna. Biashara ndogondogo ilipita katika pumzi moja. Yalikuwa maneno yake yote, bila la mtu mwingine hata moja, na nilijua nimeyatoa mimi mahali pasipoonekana. Nilijivunia kazi yangu na nilikuwa mpweke kuliko nilivyowahi kuwa.

Baada ya kaburi kufukiwa, mwongoza shughuli alichukua kipaza sauti na kuanza kuita makundi kuweka mashada. Watoto wakaenda. Wajukuu wakaenda. Kaka na dada, ukoo wa mume, kwaya, akina mama wa kanisa, majirani, uongozi wa kijiji. Ushirika haukuitwa, kwa kuwa haukuwa na mtu tena. Yalibaki mashada mawili ya karatasi kwenye meza.

"Je, kuna kundi tumelisahau?" aliuliza. "Kama lipo, lijitokeze."

Nilijikuta nimesimama. Nilipita katikati ya watu waliokaa chini, nikiomba radhi, mpaka mbele.

"Karibuni," alisema mwongoza shughuli. "Ninyi ni kundi gani?"

Aliniwekea kipaza sauti mdomoni. Niligeuka kutazama nyuma yangu, kana kwamba kuna wengine wanakuja. Watu wote walikuwa wananingoja, na kila neno nililolitafuta lilikuwa halimo katika wasifu.

"Mimi ndiye niliyechapa," nilisema.

"Wapiga chapa," akawatangazia watu. "Wapiga chapa, karibuni mbele."

Nikachukua shada, nikaenda.